Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, kuhusu fizi zetu na mwanga wa laser

Goma, Kivu ya Kaskazini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya ya Umma, Usafi na Hifadhi ya Jamii,
Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo,
Kinshasa

Mheshimiwa Waziri, Mtukufu,

Kabla ya neno lolote, naomba radhi. Naomba radhi kwa kukuandikia bila kupitia kwa mkuu wangu wa kazi, bila kupitia kwa daktari wa mkoa, na bila muhuri wa mtu yeyote. Naomba radhi pia kwa kuiacha barua hii wazi, isomwe na wapita njia kabla haijakufikia wewe. Bahasha ningeipata, na gundi ninayo. Lakini uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, na kutoka hapa hadi mezani pako ni zaidi ya kilomita 1,500. Nimeona afadhali barua ipite machoni pa watu wengi. Huenda mmoja wao akawa na safari.

Najua, Mtukufu, kwamba meza yako imejaa. Kuna kipindupindu, kuna surua, kuna mpox, kuna majeruhi wa risasi. Mbele ya hayo yote, mtu anayesimama na kusema, "Mheshimiwa, fizi zinatoka damu," anastahili kuambiwa akae chini. Nitakaa. Naomba tu niruhusiwe kusema nikiwa nimekaa.

Mimi ni msaidizi katika chumba cha meno. Nashika taa, nafyonza mate, naosha vyombo, nawatia moyo wanaoogopa sindano ya ganzi. Siku hizi wagonjwa wenye simu za kisasa wanakuja na swali. Wameona video na matangazo ya kliniki za Nairobi, Kampala na Dubai: unyuzi mwembamba wenye mwanga unaingizwa kando ya jino, ufizi unapona, damu haionekani, mgonjwa anatabasamu. Basi wanatuuliza, "Hapa Goma, laser itafika lini?" Daktari hunitazama mimi, nami hutazama dari. Swali hilo limenizidi cheo, Mheshimiwa. Ndiyo maana nakuletea wewe.

Sisemi kwamba wizara yako imeagiza mashine hiyo. Mungu apishe mbali nisije nikakusingizia. Naandika mapema kwa heshima tu, maana si vizuri mtu mkubwa aambiwe baada ya kutia saini jambo ambalo angeweza kuambiwa kabla.

Naanza kwa kuisifu laser, kwa sababu si adabu kumsema mgeni kabla ya kumkaribisha. Ya kwanza duniani iliwashwa na Theodore Maiman tarehe 16 Mei 1960, katika maabara ya Hughes huko Malibu, California, kwa kutumia kijiti cha jiwe la rubi. Msaidizi wake, Irnee D'Haenens, alitania kwamba wamepata suluhisho linalotafuta tatizo. Nampenda sana mtu huyo, labda kwa kuwa naye alikuwa msaidizi. Tangu hapo suluhisho limepata matatizo mengi ya kutatua: linatibu macho, linakata chuma, linapitisha mazungumzo yetu ya simu chini ya bahari. Mwaka 1990 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu laser ya Nd:YAG itumike kwenye nyama laini za kinywa. Mwaka 1997 ikaruhusu ya Er:YAG, ambayo inaweza kuchimba hata jino lenyewe. Leo, kwenye matibabu ya fizi, kuna pia zile ndogo za diodi, zinazoweza kukaa juu ya meza karibu na taa yangu. Ni mashine za kuheshimika. Nikiiona moja nitasimama.

Sasa, kwa ruhusa yako, nieleze ugonjwa wenyewe. Sidhani kwamba huujui. Nawafikiria wale wapita njia.

Kila siku bakteria hutandaza ukoga laini juu ya meno. Usipoondolewa, ufizi hukasirika: unavimba, unakuwa mwekundu, unatoka damu ukipigwa mswaki. Mwaka 1965 Harald Løe na wenzake huko Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudi kwenye mswaki, fizi zikapona. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya ugonjwa huu inatibiwa na kitu kinachouzwa hapa mjini, mtaani Birere, kwenye meza ya barabarani. Daktari hahitajiki, na waziri hasumbuliwi.

Taabu huanza pale ukoga unapokaa muda mrefu, ukanywa chumvi za mate na kugeuka ugaga. Watu wa Goma hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilishuka mjini ikitiririka. Ilipopoa ikawa jiwe, na hadi leo anayetaka kujenga juu yake huchukua nyundo na mtaimbo. Ugaga nao, ukishaganda, hauondoki kwa kusukutua maji ya chumvi, wala kwa vidonge vya amoksilini vinavyonunuliwa vinne vinne kwenye duka la dawa. Unashuka chini ya ufizi, ukibeba bakteria juu ya mgongo wake unaokwaruza. Mwili unapigana nao, na katika mapigano hayo mfupa unaoshikilia jino ndio unaoliwa.

Kati ya jino na ufizi wenye afya kuna mfereji wa milimita 1 hadi 3. Mfupa unapoliwa, mfereji huo unakuwa mfuko: milimita 4, 5, 6, hata 8. Mara nyingi hauumi. Mama anakuja kwetu siku jino linapocheza, na kwake yeye ugonjwa umeanza wiki iliyopita. Kumbe umemaliza miaka. Katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1 wana ugonjwa mkubwa wa fizi, yaani karibu mtu mzima mmoja kati ya watano.

Lakini nisikutishe, Mtukufu. Kwetu Afrika Mashariki kuna habari ya kuliwaza. Mwaka 1988 watafiti Baelum, Fejerskov na Manji walichapisha matokeo ya kupima fizi za watu zaidi ya 1,000 wa Machakos, Kenya, wengi wao wakiwa hawajawahi kufika kwa daktari wa meno. Walikuta ukoga na ugaga karibu kwa kila mtu. Hata hivyo uharibifu mkubwa wa mfupa haukuwa wa kila mtu. Ulirundikana kwa wachache. Nadhani hapo ndipo penye siri ya bajeti. Wengi wanahitaji mswaki na maelekezo. Wachache wanahitaji matibabu ya kina, na wachache hao lazima kwanza watafutwe. Anayewatafuta anatumia kijiti cha chuma chenye alama za milimita, kinachoingizwa taratibu kandokando ya kila jino. Hakina umeme. Bei yake nikiitaja mbele yako nitaonekana nakudharau.

Akishapatikana mgonjwa, tiba isiyo ya kisu iko hivi. Kwanza anafundishwa kusafisha meno yake, anashauriwa kuhusu sigara, anapimwa sukari. Kisha anafanyiwa detartraji, yaani kuondolewa ugaga ulio juu ya ufizi. Kisha anachomwa ganzi, na daktari anaingia ndani ya mifuko, jino kwa jino, na chuma chenye ncha iliyopinda au mashine ya mtetemo, akikwangua ugaga hadi mzizi ulainike. Baada ya miezi mitatu hivi anapimwa upya. Halafu anarudi mara kwa mara, maisha yake yote, kwa sababu ukoga nao hurudi kila siku.

Kazi hiyo ya kukwangua haipendezi kwenye video. Inachukua muda, inachosha kiganja, na mimi hufyonza damu kiasi. Matokeo yake ndiyo yanapendeza. Uchambuzi mkubwa wa majaribio, uliochapishwa mwaka 2020 kwa ajili ya Shirikisho la Ulaya la Periodontolojia, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 hadi 8 mifuko ilipungua kina kwa wastani wa milimita 1.7, na takriban asilimia 74 ya mifuko ilifungika. Chuma cha mkono na mashine ya mtetemo vilitoa matokeo yanayokaribiana. Mifuko mitatu kati ya minne, Mheshimiwa, kwa mkono wa mtu aliyefundishwa!

Sasa ndipo naingia kwenye zulia lako na viatu vyangu vya vumbi. Je, tukiongeza laser juu ya kazi hiyo, mgonjwa anapata nini zaidi?

Shirikisho hilo la Ulaya, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilipendekeza laser isitumike kama nyongeza ya kukwangua. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilikuwa kimetangulia mwaka 2015: wataalamu wake walielekea kuzikataa Nd:YAG, Er:YAG na diodi inayotumika peke yake, wakaiachia nafasi ndogo tu diodi inayotumika pamoja na rangi maalumu inayoamshwa na mwanga ili iue bakteria. Mabingwa wa fizi wa Marekani nao walikutana kuhusu jambo hili, na mwaka 2018 wakaandika kwamba faida ya nyongeza, pale ilipoonekana, ni ya kiasi tu, chini ya milimita moja, na ushahidi wake ni mchache. Majaribio yenyewe hayafanani: huyu alitumia nguvu hii, yule muda ule, mwingine mwanga wa urefu mwingine. Kuyajumlisha ni shida.

Sisemi laser ni uongo. Nitakuwa mtovu wa adabu, na pia nitakuwa nimekosea. Mwanga wa diodi na wa Nd:YAG humezwa na damu na rangi ya mwili, ukageuka joto. Kwa hiyo unaua bakteria na kuzuia damu kuchuruzika. Wa Er:YAG humezwa na maji, na unaweza hata kubandua ugaga. Kuna wagonjwa wanaoona maumivu yamepungua. Wataalamu wanaendelea kuutafiti, na waendelee. Ila diodi, ambayo ndiyo ya bei nafuu na ndiyo inayotangazwa zaidi, haibandui ugaga. Lazima mkono utangulie. Na mkono ukishafanya kazi yake vizuri, kazi inayobaki kwa mwanga ni ndogo mno. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kwetu hapa, Mtukufu, hata huo mbacha wengi hawajaukalia.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi, na ambalo nalitaja kwa unyenyekevu kwa kuwa linahusu vinywa vya wananchi wako wengi, na pengine kinywa chenye heshima kuliko hivyo. Fizi zetu nyingi ni nyeusi au za kahawia. Rangi hiyo ndiyo hasa inayomeza mwanga wa diodi na wa Nd:YAG. Ufizi mweusi hupata joto haraka kuliko ufizi mwekundu kwa nguvu ileile, kwa hiyo fundi lazima ajue kupunguza. Asipojua, anaunguza nyama, na akizubaa joto hufika kwenye mfupa. Mashine inakuja na kitabu cha vipimo. Kitabu hicho kingefaa kiandikwe na mtu aliyeona midomo ya mitaa yetu ya Ndosho na Majengo.

Halafu kuna umeme. Sitaki ionekane kwamba Goma hatuna shukrani. Tuna shirika la umeme la taifa, SNEL, na nguvu ya maji ya Ruzizi, tuna umeme wa Matebe kutoka Rutshuru, tuna paneli za jua za kampuni ya Nuru pale Ndosho. Lakini Januari 2025 vita vilipofika mjini, nyaya zilikatika, pampu zikasimama, na watu wakashuka ziwani na bidoni kuchota maji ya Kivu. Siku kama hizo laser inakuwa pambo. Chuma cha kukwangua kinahitaji jiko la mvuke la kuua vijidudu, jiwe la kunolea na taa ya betri. Laser inahitaji pia miwani maalumu kwa kila aliyemo chumbani, kulingana na aina ya mwanga, la sivyo tutaokoa fizi na kupoteza macho. Ikiharibika, fundi wake yuko mbali. Mashine ndogo za diodi huuzwa kwa maelfu ya dola, na zile kubwa kwa makumi ya maelfu. Benki zetu zilifungwa, na sokoni dola iliyochanika kidogo pembeni inakataliwa. Sijui hizo nzima zote zingetoka wapi.

Naelewa ugumu wa nafasi yako, Mheshimiwa, na hapa naomba nikuonee huruma, kama si kuvuka mpaka. Laser inakatiwa utepe. Inafunikwa kitambaa cheupe, inafunuliwa, wapiga picha wanasogea, mfadhili anapiga makofi, televisheni ya taifa inatangaza. Chuma cha kukwangua, ukikifunika kitambaa cheupe, watu watadhani ni sindano ya kushonea. Na mafunzo ya muuguzi hayafunikwi na kitambaa chochote. Ninajua si kosa lako. Ni kosa la vitu vyenye manufaa, kwamba vimeumbwa vidogo.

Mwenye hekima atauliza: fizi na vita wapi na wapi? Aliyekimbia mji wa Sake na godoro kichwani ana haja gani na detartraji? Naomba nijibu, halafu nitaendelea kukaa.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari waliokaa mahandakini walioza fizi kwa wingi: njaa, uchovu, hofu, sigara, na hakuna nafasi ya kusafisha kinywa. Mambo hayo hayo waliyajua watu waliokaa kwenye kambi za waliokimbia vita za Bulengo na Kanyaruchinya. Na kwa mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo, hasa aliyetoka kuugua surua, ufizi unaotoka damu na kuoza unaweza kuwa mlango wa noma, ugonjwa unaokula shavu na taya. Huwashika zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6. Usipotibiwa, unaweza kuua hadi asilimia 90. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Ukikamatwa mapema, ungali kwenye ufizi, unatibiwa kwa antibiotiki, dawa ya kusukutua na chakula bora. Kinachotakiwa ni muuguzi anayefungua kinywa cha mtoto, anaona, na anajua anachokiona. Muuguzi huyo ni wa bei rahisi kuliko miwani ya laser.

Kuna pia sukari. Kisukari huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi mbovu huzidisha sukari. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kutibu fizi za wenye kisukari kunashusha kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kwa karibu pointi 0.43 za asilimia, miezi 3 hadi 4 baada ya matibabu. Kazi yenyewe, Mtukufu, ni hiyohiyo ya kukwangua. Nimesikia kwamba wizara inapenda kuua ndege wawili kwa jiwe moja. Basi jiwe hilo liko kwenye trei yangu.

Wala tusiogope kuonekana washamba kwa kuanza na chuma. Katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania ilianza kutumika njia ya kuziba meno yaliyotoboka kwa vyombo vya mkono na simenti maalumu, bila umeme wala mashine ya kutoboa. Jo Frencken na wenzake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliifanyia kazi kwa ajili ya vijiji. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliipigia debe duniani kote, na leo inafundishwa hata kwenye nchi ambazo umeme haukatiki. Ilitoka kwa majirani zetu kwa sababu kuna watu walikaa chini wakajiuliza: hapa tulipo, kwa tulicho nacho, jino linaokolewaje? Swali hilo halijawahi kutuvunjia heshima.

Kwa hiyo, nikiwa nimeinamisha kichwa kadiri shingo inavyoruhusu, naleta maombi yafuatayo.

Naomba kila hospitali kuu ya rufaa ya eneo, na kila kituo kikubwa cha afya, kipewe vijiti vya kupimia mifuko, seti kadhaa za vyuma vya kukwangua, jiwe la kunolea na jiko la mvuke. Naomba mtu wa kuvishika pia. Barani Afrika, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za miaka 2014 hadi 2019, kulikuwa na madaktari wa meno karibu 3 kwa kila watu 100,000, kama sehemu ya kumi ya wastani wa dunia. Kitivo cha Tiba ya Meno cha Chuo Kikuu cha Kinshasa hakiwezi kuijaza nchi hii peke yake. Wauguzi wafundishwe kupima, kufanya detartraji, na kuitambua noma ikiwa bado changa.

Naomba dawa ya meno yenye floridi ihesabiwe kuwa dawa. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, na serikali yetu ni mwanachama wa shirika hilo. Inapouzwa pamoja na sabuni za manukato, mwenye watoto sita hununua sabuni.

Naomba bei ya matibabu ya fizi ihesabiwe kwa ugonjwa, isihesabiwe kwa kila ziara. Mgonjwa anayelipa upya kila anaporudi hatarudi, na asiporudi, kazi yote inaliwa na ukoga ndani ya miezi michache.

Naomba mpango wa taifa uzikumbuke ahadi za mpango wa dunia wa afya ya kinywa wa 2023 hadi 2030, ambao unataka asilimia 80 ya watu duniani wawe na haki ya huduma za msingi za kinywa ifikapo 2030. Imebaki miaka michache kuliko meno ya baadhi yetu.

Na laser? Sitaki uikatae. Mfadhili akija nayo, mpokee kwa mikono miwili, mpe chai, piga naye picha. Kisha, kama itakupendeza, ipeleke kwenye kile kitivo cha Kinshasa, ipewe fundi, miwani na daftari. Wapime wagonjwa waliokwanguliwa tu, na waliokwanguliwa kisha wakamulikwa, waandike yote, pamoja na rangi ya fizi. Matokeo yakionyesha kwamba mwanga unaongeza kitu kwa watu wetu, nitakuwa wa kwanza kuja kukuomba moja kwa ajili ya Goma, na barua ile nitaiweka kwenye bahasha.

Naomba radhi tena kwa urefu wa maneno haya. Mtu aliyezoea kufyonza mate ya wengine hujisahau akipewa nafasi ya kusema.

Kwa heshima zisizo na mpaka, na kwa utii mwingi kuliko vyombo nilivyo navyo,

Msaidizi katika chumba cha meno,
Goma

Nyongeza, kwa ruhusa yako: asubuhi ukimaliza kupiga mswaki, Mtukufu, tazama mate yako kabla hujafungua bomba. Ukiona wekundu, usiwe na wasiwasi, na tafadhali usipande ndege kwenda Dubai. Mwambie daktari aliye karibu nawe akupime kwa kile kijiti cha milimita. Akikosa kijiti, utakuwa umeifahamu barua yangu yote, na sitakuwa na haja ya kuandika nyingine.